Kisima cha Mzee Faki na Mashine Mbili

Juzi waliniita kwenye semina ya kamati za maji kule Mtambile, nikazungumze na vijana. Nikapewa kofia, kiti cha mbele na chupa ya maji ya dukani. Mwenye kuongoza akaniambia, "Mzee Kombo, tueleze changamoto za miradi midogo ya maji vijijini na ufumbuzi wake, lakini kwa ufupi, chakula kinapoa." Nikaeleza habari za mipira ya washa, koki na paipu zinazopasuka, watu wakapiga makofi, tukala biriani. Nililotaka kulisema lilibaki kooni, na ndilo hili. Lisomeni nyinyi ambao bado mna miaka ya kuvuta maji mbele yenu.

Kazi ya maji niliianza ndevu hazijaota, nikaiacha zimekuwa nyeupe. Nimeshika pampu za mkono, mashine za dizeli, na mwisho hizi za umeme ambazo ukizifungua huoni kitu cha kukamata. Nakwambieni bila ya kuficha, sijaona kisima kilichouawa na mashine mbovu. Mashine mbovu itakulaza na kiu siku mbili tatu, utapata kifaa, utaendelea. Visima huuliwa na kitu chengine, na kitu hicho hakiuzwi dukani wala hakina fundi.

Idara ya Maji ilinifunza spana. Maji nilifunzwa na Mzee Faki. Alikuwa mchimba visima wa kijiji kimoja cha kaskazini, njia ya Makangale, na jina la kijiji nitalimeza kwa sababu waliohusika wengine wangali hai na tunakutana kwenye maziko. Kisima cha pale alikichimba yeye na baba yake, na mawe ya kuzungushia mdomo waliyachonga kwa mikono yao. Kijiji kizima kilikunywa hapo. Mtu akija kuposa, wazee walikuwa wakimwambia, "Mchukue, huyo kanywa maji ya Faki," yaani kalelewa pazuri. Mzee hakuwa na shamba la mikarafuu la kujivunia, wala mtoto wa kiume. Alikuwa na kisima hicho, na kilimtosha.

Idara ilipoleta mashine ya dizeli na tangi haikutafuta pengine, ilivifunga juu ya kisima hicho hicho, na mimi nikapelekwa kuendesha. Mzee hakununa. Aliizunguka mashine, akaigusa ubavuni, akaniuliza:

"Hii yala nini?"

"Dizeli, mzee."

"Na maji yangu yala kiasi gani?"

Akanikalisha chini, akanisomesha. "Yakhe, siye twakaa juu ya jiwe, na jiwe lakaa ndani ya bahari. Chini huko maji baridi yamelala juu ya maji chumvi, kama mafuta juu ya mchuzi. Ukiteka kwa upole wapata mafuta. Ukiteka kwa pupa wachota mchuzi. Na ukishauvuruga usinite mie nikakutenganishie." Maji baridi, kwa nyinyi mliokulia mjini, ni haya tunayokunywa, yasiyo na chumvi, hata kama yamechemka.

Basi tukawa na utaratibu. Mashine inavuta asubuhi mpaka jua lipande kidogo, kisha inazimwa na kisima kinapumzika. Inavuta tena alasiri, na tangi likijaa, basi. Kila asubuhi, kabla hata sijanywa chai, naonja maji kwa kata. Shikeni hilo: onjeni kabla ya chai, maana ulimi ulioonja sukari ni shahidi wa uongo. Na msiutegemee ulimi peke yake. Waulizeni wanawake. Chumvi ikianza kuingia, wao huijua kabla ya fundi, kwa sababu sabuni inakataa kutoa povu na maharagwe yanakaa jikoni kutwa hayaivi. Mafundi wengi niliowaona hawakuuliza, wakaja kujua mambo yameshaharibika.

Sikatai kwamba tulicheka pia. Kuna siku mashine ilinguruma vizuri lakini maji hayaji. Nikaenda Wete kutafuta valvu. Niliporudi nikakuta pampu imefungwa kitambaa chekundu, imefukizwa ubani karibu kabisa na pipa la dizeli, na mganga ameketi kwenye mkeka anasema kisima kina jini na jini huyo anataka jogoo. Nikamwomba ruhusa yeye na jini wake, nikaivuta ile paipu ya kunyonyea. Mdomoni mwake mlikuwa mmenata soksi ya skuli. Mganga hakutahayari hata kidogo. Aliitazama ile soksi, akasema, "Basi jini mwenyewe asoma," na jogoo akamchukua. Tangu siku hiyo paipu zangu zote zilifungwa chujio. Ningetamani matatizo yote ya maji yawe ya soksi.

Kisha vikaja vyama.

Nyinyi mmezaliwa vikiwepo, mnaviona kama mvua na jua. Sisi vilitukuta watu wazima, na tulivishika vibaya. Pale kijijini upande mmoja uliongozwa na sheha mwenyewe, mkono wa serikali pale kijijini, Bwana Bakari. Upande wa pili uliongozwa na Bwana Khatib, mwenye duka. Walikuwa wanyumba hao, wameoa ndugu wawili: Bi Time mke wa sheha, Bi Mize mke wa Khatib, wametoka tumbo moja na wamesukwa nywele na mama mmoja. Baada ya uchaguzi wa kwanza salamu ikakatika. Watu wa sheha hawakununua hata kiberiti kwenye duka la Khatib. Watu wa Khatib hawakwenda harusi wala maziko ya watu wa sheha. Nimeliona kwa macho yangu jeneza linapita na wachukuzi wachache wanaohema, na barza imejaa wanaume wenye afya zao, wote wanatazama upande wa pili. Mimi nilikuwa na hasira nao siku ile, na leo ninayo bado.

Kwenye mfereji, yaani bomba la tangi pa kutekea, mambo yalianza kwa ndoo. Ndoo ya huyu isiguse ndoo ya yule. Halafu yakaja maneno. Upande wa sheha walisema mashine imeletwa na serikali, na anayeitukana serikali asinywe dizeli yake. Asubuhi moja nilikuwa nafunga koki nikamsikia Bi Mize akijibu, sauti yake ya taratibu tu:

"Kisima hichi cha Mzee Faki. Serikali yenu imeleta mashine, na mashine hainywewi."

Dada yake Bi Time hakugeuza uso. "Basi teka bila ya mashine."

Bi Mize akaimwaga ndoo yake nzima chini, palepale, akaondoka. Jioni yake Bwana Khatib na watu wake wakakaa kikao, wakaamua kuchimba kisima chao.

Walimwendea Mzee Faki awachimbie. Nilikuwepo, tunakunywa kahawa. Akawauliza wanataka wapi. Wakamwonyesha: hapo chini kidogo, upande wa pwani, ambapo ukisimama unaliona tangi letu.

"Maji n'yayo hayo," akawaambia. "Mwataka nikuchimbieni kisima ndani ya kisima changu? Njooni mteke hapa. Sheha ntasema naye mie."

"Mzee, kwani wao wamekupa nini?" Khatib akamuuliza.

Mzee aliweka kikombe chini. Mbaya zaidi ni kwamba wiki hiyo hiyo watu wa sheha walikuwa wakisema Faki ni mtu wa Khatib, kwa sababu hajaonekana kwenye mikutano yao. Miaka ile asiyekuwa na upande alipata maadui wa pande zote mbili. Wakaleta wachimbaji wengine, ndugu zao walioko Arabuni wakawaletea mashine mpya, kubwa kuliko yetu. Kisima kikachimbwa kirefu kupita kiasi, kwa sababu ati kisizidiwe na cha sheha. Nilimfuata Bwana Khatib nikamwambia chumvi haiko mbali pale chini. Akaniuliza nimetumwa na nani. Nikamfuata sheha, nikamwomba awafungulie wote mfereji ili wale wasipate sababu ya kuwasha mashine yao. Akaniambia, "Fundi, wewe mwajiriwa. Washa unapoambiwa."

Sasa sikilizeni upumbavu wa watu wazima. Mashine yetu ikiwashwa, ya chini inawashwa. Ya chini ikiwashwa nasi tukiwa tumepumzika, kijana wa sheha anakuja mbio: washa, wanatunyonya. Kwa sababu wote walijua, wallahi walijua, kwamba maji ni mamoja. Na kwa kuwa ni mamoja, kila mmoja aliona ndoo anayoiacha chini ya ardhi itanywewa na adui. Matangi yalifurika. Maji baridi, matamu, yalikuwa yanamwagika barabarani na kufanya tope, bata wanaogelea, na hakuna aliyekubali kuzima. Niliwahi kuizima mwenyewe nikasema imepata moto. Wakaleta fundi mwengine kutoka Konde, akaiwasha.

Mzee Faki akawa kila asubuhi anakuja na kata yake, anaonja kwetu, kisha anateremka anaonja kule chini, wanamwachia kwa sababu ya umri. Siku moja akakaa kwa muda mrefu na maji mdomoni. Akayatema. Akaniambia, "Imekuja."

Hapo alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliwaita wanyumba wale wawili nyumbani kwake, chumba kimoja, mkeka mmoja, na kwa heshima yake wakaja. Alimwita Bi Mize na Bi Time pia, wakakaa mlangoni.

"Sikwiteni kwa siasa," akasema. "Siasa siijuwi. Nakwiteni kwa sabuni. Bi Mize, sabuni yako yatoa povu?"

"Haitoi, baba."

"Bi Time?"

Bi Time akatazama chini. "Siku hizi nafulia majivu."

Mzee akawaeleza. Zizimwe zote mbili mpaka masika yapite. Watu wateke kwa kamba na ndoo katika kisima cha zamani, kidogo kidogo, kila mtu. Mvua ikinyesha maji baridi yatashuka na kuisukuma chumvi, kisha mashine moja ndiyo ivute, kwa zamu. Wote wakakubali kwamba hilo ni jambo la maana. Kisha wakaulizana nani atazima mwanzo, na hapo tukakaa mpaka kahawa ikapoa. Sheha anasema serikali haiwezi kuanza. Khatib anasema aliyeonewa haanzi. Nikawaambia, zizimwe pamoja. Muadhini akianza adhana ya alasiri mimi nazima ya juu, Mzee Faki anazima ya chini. Wakatazamana. Wakasema, na iwe hivyo.

Tukafanya. Adhana ilipotoka mashine zote mbili zikanyamaza, na nikasikia kuku wa kijiji kile kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Siku zilizofuata wanawake walipanga foleni kisimani na kamba zao, pande zote mbili, hawasemezani lakini wanapokezana kamba. Nilimwona Bi Mize akimshikia dada yake ndoo wakati anajitwisha. Mzee Faki aliketi kwenye jiwe la mdomo wa kisima chake tangu asubuhi mpaka adhuhuri, anawaambia wateke juu juu wasizamishe ndoo. Alikuwa na furaha kama bwana harusi. Mimi mwenyewe niliamini. Nasema niliamini, na kuamini kule ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Tulikuwa tumekaribia uchaguzi mwengine. Asubuhi moja upepo wa pwani ulileta mlio wa mashine. Mlio wa dizeli, wa mbali, haukatiki. Watu wa sheha wakasema: wamewasha wale. Watu wa Khatib wakasema: wamewasha wale. Hakuna aliyekwenda kutazama. Ni mwendo wa kumaliza kikombe cha chai kutoka mashine moja mpaka ya pili, na hakuna hata mtu mmoja aliyekwenda kutazama. Nilifika mbio nikakuta ya juu inanguruma, nikateremka nikakuta ya chini inanguruma. Mzee Faki alitoka akasimama katikati ya zile mashine mbili, anasema, mkono juu, mdomo unakwenda. Hakusikika. Kelele zilikuwa kubwa mno, hata angesikilizwa asingesikika.

Ule mlio wa kwanza ulikuwa wa boti ya wavuvi wa dagaa. Iliharibika kidogo nyuma ya mikoko, wakawa wanaijaribu mashine. Habari ilifika kijijini adhuhuri, pande zote mbili zikaijua. Mnadhani wakazima? Wakarudi kwenye lile swali lao, nani aanze.

Masika yalipoingia maji ya kisima cha Mzee Faki yalikuwa hayanyweki. Ya kule chini yalikuwa mabaya zaidi. Wanawake wakaanza kwenda kijiji cha jirani na madumu, pande zote mbili, njia moja.

Mzee Faki aliishi baada ya hapo, lakini kisimani hakwenda tena. Alipokufa alikuwa ameshausia kwamba aoshwe kwa maji ya kisima chake. Tukamwendea shehe wa msikiti, akatwambia wasia utimizwe, maji ya chumvi ni twahara na hayana ubaya kwa maiti. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Nilisugua sabuni mkononi nikasugua tena, na haikutoa povu. Nikamwosha hivyo hivyo. Maziko walikuja wachache, kwa sababu kila upande ulisema ni mtu wa upande wa pili.

Mwenye kuongoza semina alitaka ufumbuzi. Nitawapa nilio nao. Msichimbe kisima cha pili karibu na cha kwanza kwa sababu ya hasira. Ufunguo wa mashine wapeni wanawake wawili wa nyumba zisizopatana, na mashine isiwake bila ya wote wawili kuwepo. Kisima kipumzike hata kama tangi halijajaa. Na mkisikia mlio, nendeni mkatazame. Haya yote tungeyaweza. Hakuna hata moja lililotaka fedha za mfadhili.

Miaka ikapita, wakubwa wa vyama wakapeana mikono huko walikopeania, na kijijini nako wakapatana. Walichinja ng'ombe, wakapika pilau, sheha na Khatib wakala sahani moja, na nilifurahi, sitasema uongo. Baada ya wiki wakaniita. Nikaenda na mkoba wangu. Niliwakuta wamesimama kisimani wote wawili, bega kwa bega, nyasi zimefyekwa, mashine imefutwa vumbi.

"Fundi," sheha akaniambia, "siye tushapatana. Sasa tufungulie maji."

Nikateka, nikawapa kata. Sheha akanywa, akatema. Khatib akanywa, akatema. Nikawaeleza kwamba huenda yakarudi, kwa mvua nyingi na bila ya kuguswa, lakini hawatayanywa wao, labda wajukuu zao. Bi Mize na Bi Time walikuwa wanapita barabarani na madumu kichwani, wakaitika salamu yetu bila ya kusimama.

Nilipokuwa nafunga mkoba sheha alinivuta pembeni, nyuma ya tangi. Akanong'ona, "Kombo, niambie kweli. Kipi kilianza kuharibika, chetu au chao?"

Nikashika njia. Sikufika mbali nikasikia viatu nyuma yangu, nikageuka, ni Bwana Khatib anahema. Alitazama nyuma kwanza kama yupo mtu, kisha akaniuliza swali lile lile.